Miche ya Kipaimara Inakufa Septemba: Barua ya Wazi kwa Wachungaji na Wazee wa Kanisa wa Sharika za Kilimanjaro

Wapendwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa,



Nawaandikia kama msharika wa kawaida, mwalimu wa shule ya Jumapili katika usharika mmojawapo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) upande wa kusini wa mlima wetu. Sina nafasi katika baraza la wazee wala katika ofisi ya jimbo. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maneno mengi: miti tunayoipanda kwa jina la Kanisa tuitunze mpaka ishike, na kazi hiyo ya kutunza iingie kwenye kalenda ya ibada zetu, hasa mwezi Septemba, ambapo miche mingi ya wanafunzi wetu wa kipaimara hukauka bila mtu kujua.

Kupanda tunajua, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Dayosisi yetu ya Kaskazini ina jina kwa jambo hili. Baba Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, amelihubiri suala la miti kwa miaka mingi kiasi kwamba Wakristo wa nchi za mbali wanamfahamu kama askofu wa miti. Matunda ya mahubiri hayo tunayaona: mtoto wa kipaimara wa leo anajua kwamba kupanda mti ni sehemu ya kujiandaa kuwekewa mikono, sawa na kukariri Katekisimu.

Siku yenyewe ya kupanda, masika yakiwa yamekolea, huwa ya furaha kweli. Pikapu inaleta miche imesimama kwenye viriba vyeusi, udongo bado umelowa. Vijana wanakuja na majembe ya nyumbani, kwaya inaimba, mchungaji anaomba kisha anashika mche wa kwanza, wazee wa kanisa wanafuata, na simu zinatolewa kwa ajili ya picha. Sina neno baya juu ya siku hiyo. Mtoto anayemwona mchungaji wake amepiga magoti kwenye tope, mikono imejaa udongo, amefundishwa jambo ambalo hataliona kwenye daftari lake.

Sasa twende pale pale Septemba. Nimepita na watoto wa darasa langu kwenye eneo kama hilo, kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Mche wa kwanza tuliouona ulikuwa kijiti kikavu. Tukaufukua. Kiriba kilikuwa bado kimeuzunguka, hakikuchanwa siku ya kupanda, na mizizi ilikuwa imezunguka ndani ya nailoni na kujisokota yenyewe kwa yenyewe, haijawahi kugusa udongo wa mlima. Mche wa pili ulikuwa umekatwa kwa mundu pamoja na majani ya ng'ombe. Aliyekata hakuuona, kwa kuwa hapakuwa na hata kijiti cha kuonyesha kwamba pana mche. Wa tatu ulikuwa umeliwa ncha na mbuzi. Mbele kidogo tukakuta mringaringa mmoja umewafikia watoto kiunoni, majani mapana, kijani kibichi. Mama wa kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani akatuambia kwamba huo ndio anaoumwagia maji aliyooshea vyombo, kwa kuwa upo njiani kwake. Hakuna aliyemwomba.

Tazameni kalenda yetu. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Juni na Julai kuna baridi na mawingu, mche unavumilia. Kuanzia Agosti jua linawaka, vumbi linapanda hadi kwenye majani ya migomba, na vuli haitarajiwi kabla ya mwisho wa Oktoba au Novemba. Mche wa Aprili bado una mizizi mifupi. Miezi hiyo mikavu ndiyo inayoamua kama utaishi, na ndiyo miezi ambayo Kanisa halionekani pale.

Na ni katika majuma hayohayo Wakristo wa madhehebu mengi duniani wanaadhimisha Majira ya Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba. Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli ndiye aliyeitenga tarehe 1 Septemba, mwaka 1989, kuwa siku ya kuombea uumbaji kwa Waorthodoksi. Mwaka 2015 Papa Fransisko akaiweka kwa Wakatoliki pia. Na sisi Walutheri, kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, tumo. Fungamano hilo lilipokutana Windhoek, Namibia, mwaka 2017, katika kuadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, liliweka mbele ya makanisa yote kwamba wokovu hauuzwi, binadamu hauzwi, na uumbaji nao hauuzwi. Wenzetu wa Ulaya wanayapokea majira haya wakiwa kwenye mavuno. Kwetu yanaangukia wakati wa kiu, na mimi naiona hiyo kuwa neema, kwa sababu hatuhitaji kutunga maadhimisho. Kazi ipo imetusubiri mteremkoni.

Naomba basi Jumapili moja ya Septemba, kila mwaka, usharika mzima ushuke kwenye miche. Ibada iwe fupi asubuhi, isomwe Zaburi ya 104, ambayo ndani yake Mungu ananywesha milima na miti inashiba, kisha tutoke na madumu na ndoo kama tulivyotoka na majembe Aprili: kwaya, Umoja wa Wanawake, vijana, wazee wa kanisa, mchungaji. Tumwagilie, tupalilie, tuweke matandazo ya majani ya migomba kwenye mashina, tusimike vijiti, na tuhesabu iliyo hai.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoitaka kuliko vyote. Kila Jumapili mnatusomea mapato ya sadaka bila kuacha shilingi, na mnafanya vizuri, maana mali ya Mungu haifichwi. Tusomeeni na miti: iliyopandwa masika, iliyo hai leo, na mtaa gani umetunza vipi. Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha harakati za Mkanda wa Kijani kule Kenya mwaka 1977, alikuja kuweka utaratibu wa kuwapa akina mama fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Ulioishi, nasisitiza. Mama aliyepanda na kuondoka hakulipwa. Utaratibu huo mdogo ulifanya kazi kubwa kuliko hotuba, na usharika hauhitaji hata kulipa. Unahitaji kuuliza tu, mbele za watu, kila mwaka.

Mafunzo ya kipaimara kwetu huchukua miaka miwili. Kwa hiyo kiangazi kinampitia mwanafunzi akiwa bado mikononi mwenu. Apande mwaka wa kwanza, siyo wiki chache kabla ya kubarikiwa. Avuke kiangazi na mche wake. Siku ya kubarikiwa atakuwa na mti wa kuonyesha, na mwalimu wake atakuwa na mambo mengi ya kumfundisha kuhusu subira ambayo sasa anayafundisha kwa maneno matupu.

Najua wapo kati yenu wanaosema mlima unaharibika kwa joto la dunia, barafu inakwisha, na miche ya watoto haitabadilisha kitu. Ni kweli barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, nasi tunaiona kwa macho yetu kila asubuhi mawingu yakifunguka. Inaumiza. Lakini maji tunayokunywa na tunayomwagilia hayatoki kwenye barafu hiyo kama wengi tunavyodhani. Sehemu kubwa inatoka msituni. Ule ukanda wa msitu wa upande wetu wa kusini ndio unaopokea mvua nyingi kuliko mahali pengine popote mlimani, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miti yake inayakamata hata maji ya ukungu, inayadondosha kwenye kuvumwani na majani yaliyooza, nayo yanashuka polepole chini ya ardhi mpaka kwenye chemchemi zetu. Msitu ukiungua, kama ulivyoungua Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, hiyo ndiyo hasara inayofika hadi jikoni kwa mtu. Inafika hadi kwenye mpunga wa Chekereni, kwenye miwa ya Arusha Chini, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa majembe. Chemchemi tunaweza kuzilinda.

Mlima huu bado una utajiri ambao wengi wetu hatujui. Mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa barani Afrika uko hapa kwetu, katika bonde moja la Kilimanjaro, una zaidi ya mita 81; dunia ilitangaziwa habari zake mwaka 2016. Nilipowaambia watoto wa darasa langu, waliuliza kama Mungu ndiye aliyeumwagilia. Niliwajibu ndiyo.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 waliikuta mifongo imechongwa kwenye kuta za mabonde, ikipeleka maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba. Babu zetu waliichimba bila chuma cha kiwandani, na waliitunza kwa nidhamu kali: siku ya kusafisha mfongo kila nyumba ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa faini au alikosa zamu yake ya maji. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938, aliuona ujirani wa namna hiyo, na ukoo, na rika, akataka usharika usimame juu ya misingi hiyo badala ya kuibomoa. Naamini alikuwa sahihi katika hilo. Kihamba chenyewe ni somo: miruka na miringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na majani ya ng'ombe chini kabisa, mbolea inarudi shambani, hakuna kinachotupwa. Watu wa kilimo kutoka nchi nyingi wanakuja kujifunza. Sisi tuliozaliwa ndani yake tunaanza kuukata mti wa juu ili tuuze mbao.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye maumivu. Vihamba vingi leo vinakaliwa na mama mzee peke yake. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Mgomba ukianguka anausimamisha nani? Mfongo ukiziba anauzibua nani? Anapokuja mnunuzi wa mbao na msumeno wa mnyororo na kumwekea fedha mezani kwa ajili ya mringaringa uliopandwa na marehemu mumewe, na bili ya hospitali iko mkononi, atamkatalia kwa nguvu gani? Simlaumu hata kidogo. Nalilaumu zaidi Kanisa linalompelekea bahasha ya ahadi bila kumpelekea vijana wa kumsaidia. Vijana wetu wa kipaimara, kwa zamu, mtaa kwa mtaa, wangeweza kushika vihamba vya wajane: kupalilia, kuzibua mfongo, kupanda mti pale ulipoanguka mwingine, na kumwagilia. Huo utakuwa utunzaji wa uumbaji na utunzaji wa wajane kwa mkono mmoja, na Yakobo katika waraka wake ametuambia dini iliyo safi inahusika na nani.

Sikukuu ya Mavuno ingependeza ikilibeba hili. Naipenda sana siku hiyo. Madhabahu inazungukwa na mikungu ya ndizi, mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake, viazi vikuu, kuku wamefungwa miguu wakilalamika wakati wa sala, na baada ya ibada mnada unaanza, parachichi moja linanunuliwa kwa bei ya debe na watu wanashangilia kwa kuwa ni kwa ajili ya Bwana. Iongezeeni siku hiyo kitu kimoja: aje mbele mwanafunzi mmoja kutoka kila mtaa na jagi la maji ya chemchemi ya mtaa wake, na mzee wa mtaa huo aseme kwa sauti hali ya chemchemi hiyo ikoje, imepungua au imeongezeka, nani amelima hadi ukingoni, miti iliyopandwa inaendeleaje. Tunamletea Mungu mazao. Tumletee na habari za ardhi iliyoyatoa.

Niseme sasa jambo linaloweza kuwaudhi baadhi yenu, nami nalisema kwa heshima. Viwanja vyetu vya makanisa vinabaki bila miti. Katika usharika mmoja ninaoufahamu ulikuwapo mruka mkubwa, umesimama hapo tangu kabla babu zetu hawajabatizwa. Watoto wa shule ya Jumapili walifundishwa chini yake kila ilipokosekana nafasi ndani. Ulikatwa ili kupanua maegesho, kwa sababu Desemba, ndugu zetu wa mjini wanaporudi nyumbani kula Krismasi, magari hayatoshi uwanjani. Ardhi ikatandazwa vitofali vya saruji. Maegesho hayo yanajaa wiki mbili kwa mwaka. Miezi iliyobaki yanachoma miguu ya watoto, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kihamba cha jirani na kukichimba mtaro. Uamuzi ulifanyika katika kikao cha jioni moja, ukaja kwetu kama tangazo kati ya matangazo.

Wazee wangu, mti wa namna ile ni mali ya usharika kuliko kinanda na viti. Viti vimeandikwa kwenye daftari la mali, vina namba zilizochorwa kwa rangi. Miti haimo. Naomba kila usharika uorodheshe miti mikubwa iliyo katika kiwanja chake, na usikatwe hata mmoja bila mkutano mkuu wa usharika kuamua. Ndugu zetu wa mjini wakielezwa vizuri watapaki barabarani na kutembea; wengi wao wanakumbuka kivuli hicho kuliko sisi.

Kule Ethiopia, nyanda za juu za kaskazini, misitu ya asili karibu yote imegeuzwa mashamba, lakini ukitazama kutoka angani unaona visiwa vya kijani vya mviringo, na katikati ya kila kisiwa kuna paa la kanisa. Waorthodoksi wa Tewahedo wameitunza misitu hiyo kwa karne nyingi kwa kuwa kwao kanisa lisilo na miti halijavaa nguo. Mwanasayansi wa huko, Dakta Alemayehu Wassie, amefanya kazi na makasisi na waumini kuizungushia ukuta wa mawe, mawe yenyewe yakiokotwa mashambani mwa majirani, ili ng'ombe wasiingie. Ng'ombe wakizuiwa, mbegu zilizoanguka chini ya miti mikubwa zinaota zenyewe. Tulio hodari wa kupanda tuna la kujifunza kwa waliojua kuzuia.

Kuhusu aina ya miti nitakuwa mfupi, maafisa misitu wanajua zaidi. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala mifongo. Kila mzee wa mlimani anajua inavyokunywa. Kwenye vyanzo vya maji iwekwe mikuyu na misesewe, kwenye vihamba miringaringa, na kwa familia inayohitaji fedha, mparachichi. Na viriba vichanwe.

Wapo watakaoniambia kazi ya Kanisa ni kuhubiri Injili, na miti tuiachie serikali. Nawaheshimu, lakini Biblia yao na yangu ni moja. Kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu katika Mwanzo sura ya 2 ni kulima bustani na kuitunza. Baada ya gharika Mungu aliweka agano na Nuhu na pamoja naye kila kiumbe hai, siyo watu peke yao. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, iliwakataza askari waliouzingira mji kuikata miti ya matunda hata katikati ya vita. Na Paulo, katika Warumi sura ya 8, anavisikia viumbe vyote vikiugua pamoja vikingoja watoto wa Mungu wadhihirishwe. Injili ninayoihubiri kwa watoto wa darasa langu ni ya Yeye ambaye kwake vitu vyote viliumbwa. Siwezi kuwaambia wampende kisha nikae kimya alichokiumba kikifa kando ya njia tunayopita kwenda kanisani.

Gharama ya ninayoomba ni ndogo: madumu, muda wa Jumapili moja, kurasa mbili kwenye daftari la mali, na dakika tano za matangazo. Sharika nyingi huwa na kikao cha baraza la wazee kabla ya Septemba. Naomba jambo hili liwe ajenda, liandikwe kwenye mihtasari, na jina la mzee atakayelisimamia katika kila mtaa litangazwe ili tujue wa kumfuata. Darasa langu liko tayari kuanza na chemchemi iliyo karibu nasi. Tunasubiri kibali cha baraza la kuingia eneo hilo na watoto, na mtu mzima mmoja mwenye jembe wa kutusindikiza.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Kilimanjaro